Kuhamishia Samaki wa Bahari katika Tangi Kubwa Zaidi

Tangi la kioo lenye maji ya bahari ni chombo cha kufundishia chenye manufaa makubwa katika shule ya sekondari. Kwa msaada wake mwanafunzi huona kwa macho yake jinsi samaki wa miambani wanavyopumua, wanavyokula na wanavyogombea makao. Lakini samaki hukua, tangi huwa dogo, na siku hufika ambapo yapasa wahamishiwe katika tangi kubwa zaidi. Kazi hiyo huonekana nyepesi. Tangi jipya huoshwa likang'aa, hujazwa maji safi, kisha samaki hutiwa ndani. Siku ya kwanza na ya pili mambo huwa shwari. Siku ya tatu au ya nne samaki huanza kuhema upesi karibu na uso wa maji, hukataa chakula, na baadhi yao hufa ilhali maji ni maangavu kabisa. Wenye tangi husema kwamba ugonjwa umeingia. Mara nyingi hakuna ugonjwa wowote. Samaki wamehamishwa, lakini viumbe waliokuwa wakiwalinda wameachwa nyuma au wameuawa wakati wa usafi.

Makala haya yanaeleza viumbe hao ni akina nani, wanaishi wapi, na namna ya kuwahamisha wakiwa hai.

Walinzi wasioonekana

Chakula cha samaki kina protini, na protini ina naitrojeni. Naitrojeni isiyohitajiwa mwilini hutolewa na samaki, hasa kupitia matamvua, katika umbo la amonia. Mabaki ya chakula na kinyesi yanapooza huongeza amonia hiyo. Baharini amonia hutawanyika katika maji mengi mno na hutumiwa na mimea midogo. Ndani ya tangi haina pa kwenda, nayo ni sumu kwa samaki hata ikiwa kidogo.

Katika tangi lililokaa miezi kadhaa, amonia huondolewa na vijiumbe kwa hatua mbili. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti:

2NH₄⁺ + 3O₂ → 2NO₂⁻ + 4H⁺ + 2H₂O

Kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake kwa samaki ni madogo sana yakilinganishwa na yale ya amonia:

2NO₂⁻ + O₂ → 2NO₃⁻

Ni Sergei Winogradsky aliyeonyesha, mnamo mwaka 1890, kwamba kazi hii hufanywa na bakteria wanaopata nishati yao kwa kuoksidisha amonia na nitriti. Kwa zaidi ya karne moja ilidhaniwa kwamba bakteria peke yao ndio wenye uwezo huo. Mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba wamefaulu kutenga kiumbe kingine, Nitrosopumilus maritimus, kinachooksidisha amonia lakini si bakteria. Hicho ni cha kundi la arkea, lenye chembehai ndogo kama za bakteria lakini ukoo wake ni mwingine. Jambo la kuvutia ni mahali kilipopatikana: katika changarawe za tangi la samaki wa bahari za joto, kwenye jumba la samaki la Seattle, Marekani.

Milinganyo miwili hiyo ina mafunzo matatu. Kwanza, vijiumbe hawa huhitaji oksijeni. Wakikosa maji yanayotembea hufa. Pili, kazi yao huzalisha ioni za haidrojeni, na kwa hiyo maji ya tangi la zamani huelekea kuwa na pH ya chini kuliko maji mapya ya bahari. Tatu, idadi yao hufuata kiasi cha amonia wanachopata, wala haifuati ukubwa wa tangi. Isitoshe, huongezeka polepole. Wapo bakteria ambao, katika hali nzuri, hujigawa kila baada ya dakika 20. Hawa huhitaji nusu siku au zaidi. Ndiyo sababu tangi jipya kabisa huchukua takriban wiki 4 hadi 6 kabla halijaweza kuwatunza samaki.

Kosa la kuyategemea maji

Watu wengi huamini kwamba siri ya tangi la zamani imo katika maji yake. Huyahamisha maji hayo kwa uangalifu mkubwa, kisha huyasugua mawe na changarawe kwa maji ya bomba mpaka yatakate. Hapo wamehifadhi kisicho na thamani kubwa na kuharibu chenye thamani. Vijiumbe wanaooksidisha amonia huishi hasa wakiwa wamejishikiza juu ya mawe, changarawe, sponji ya chujio na kuta za tangi. Ule utelezi mwembamba unaosikika kidoleni ndio makao yao. Wanaoelea majini ni wachache. Maji ya bomba huwadhuru kwa namna mbili: hayana chumvi, na aghalabu yametiwa klorini ili kuua vijidudu.

Maji ya zamani yana faida moja tu. Huwapunguzia samaki mabadiliko ya ghafla ya chumvi, joto na pH.

Maandalizi

Tuchukue mfano wa tangi la zamani lenye urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 40, yaani lita 84. Na tangi jipya la sentimita 120 kwa 50 kwa 50, yaani lita 300. Lita moja ya maji ya bahari yenye joto la nyuzi 25 za Selsiasi ina uzito wa kilo 1.023 hivi. Tangi jipya likijaa, maji peke yake yatakuwa na kilo 307. Kioo cha unene wa milimita 10 kitaongeza kilo 57 au 58, na bado mawe na mchanga havijahesabiwa. Meza ya kawaida ya darasani haifai kubeba mzigo huo. Tangi na liwekwe mahali pake pa kudumu juu ya msingi imara na wa usawa kabla ya kutiwa maji, kwani likisha kujaa halisogezwi.

Maji mapya yatayarishwe siku kadhaa kabla. Yatekwe wakati maji yamejaa, mbali na mlango wa mto na mifereji ya maji machafu, wala si baada ya mvua kubwa za masika, kwa sababu maji ya pwani hupungua chumvi wakati huo. Yachujwe kwa kitambaa, yahifadhiwe gizani katika vyombo safi vya plastiki, na yapulizwe hewa kwa pampu.

Kisha chumvi ipimwe katika maji ya matangi yote mawili kwa haidromita ileile. Maji ya bahari huwa na takriban gramu 35 za chumvi katika kila kilo. Tangi la zamani huweza kuwa na zaidi, maana maji huvukizwa na chumvi hubaki. Ikiwa limefika gramu 38, lirekebishwe pole pole kwa kuongeza maji baridi yasiyo na klorini kwa muda wa siku kadhaa. Samaki wenye mifupa huweza kustahimili tofauti ndogo, kwa kuwa matamvua yao hutoa chumvi ya ziada. Kiti cha pweza hana uwezo huo. Majimaji ya mwili wake hufuata chumvi ya maji yaliyomzunguka, na badiliko la ghafla huweza kumwua.

Siku moja kabla ya kuhama samaki wasilishwe, ili wasichafue maji ya ndoo watakamohifadhiwa.

Siku ya kuhamisha

Kazi yote na ikamilike kwa siku moja, kwa utaratibu huu.

1. Maji mapya yatiwe katika tangi kubwa, pampu ziwashwe, na joto lilinganishwe na la tangi la zamani.

2. Sehemu ya maji ya zamani yatolewe kwa mpira kutoka juu, kabla matope hayajatibuliwa, yatiwe katika ndoo. Samaki wawekwe humo, wachache katika kila ndoo, huku maji yakipulizwa hewa.

3. Mawe yahamishwe moja kwa moja kutoka maji hadi maji. Yasisuguliwe. Yakilazimika kungoja, yafunikwe kwa kitambaa kilicholowa maji ya bahari.

4. Sponji ya chujio la zamani iwekwe mara moja katika chujio jipya na maji yapitishwe. Isiachwe ndani ya chombo kilichofungwa, maana oksijeni iliyomo huisha upesi.

5. Mchanga uchukuliwe wa tabaka la juu tu. Chini kabisa, mahali pasipo na oksijeni, bakteria wengine hutumia salfeti ya maji ya bahari na kutoa haidrojeni salfaidi, gesi yenye harufu ya mayai viza na sumu kali kwa samaki. Mchanga mweusi wenye harufu hiyo utupwe.

6. Mwishowe maji ya tangi jipya yadondoshwe kwa mpira mwembamba katika ndoo za samaki kwa muda wa saa moja hivi, ndipo samaki watiwe tangini.

Hatua ya mwisho ina sababu ya kikemia. Amonia majini huwa katika maumbo mawili: NH₄⁺, ambayo madhara yake ni madogo, na NH₃, ambayo hupenya matamvua kwa urahisi. Kila pH ikipanda kwa kipimo kimoja, sehemu ya NH₃ huongezeka karibu mara 10. Ikiwa maji ya zamani yana pH 7.8 na mapya 8.2, sumu hupanda karibu mara 2.5, ingawa jumla ya amonia haikubadilika. Kwa hiyo samaki hawapaswi kurundikana wala kukawia ndooni.

Baada ya kuhama

Walishwe kidogo kwa wiki ya kwanza. Wasiongezwe samaki wapya, japo nafasi inaonekana kubwa. Vijiumbe waliohama wanatosha kwa uchafu wa samaki wa zamani tu. Baada ya wiki kadhaa aongezwe mmoja, kisha ingojewe tena.

Shule isiyo na kifaa cha kupimia amonia inaweza kuhesabu mara ngapi kifuniko cha matamvua hufunguka kwa dakika. Hesabu hiyo ichukuliwe kwa siku tatu kabla ya kuhama na kila siku baadaye. Ikipanda sana, theluthi moja ya maji ibadilishwe kwa maji mapya ya bahari yenye joto na chumvi ileile.

Zoezi kwa wanafunzi

Shule yenye kifaa cha kupimia amonia yaweza kulijaribu jambo hili bila kuhatarisha samaki hata mmoja. Chukua chupa tatu za lita 2. Ya kwanza itiwe maji ya tangi la zamani. Ya pili itiwe maji mapya ya bahari pamoja na vijiko vitano vya changarawe za tangi la zamani. Ya tatu itiwe maji mapya na changarawe kama hizo zilizochemshwa kwa dakika 20. Yeyusha gramu 1.2 za amonia kloraidi katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa, na utie mililita 10 za myeyusho huo katika kila chupa. Kila moja itapata takriban miligramu 2 za amonia kwa lita. Zipulize hewa zote, upime amonia kila siku kwa wiki moja, na uchore grafu.

Ni chupa ipi ambayo amonia yake itapungua upesi zaidi? Kwa nini chupa ya tatu ni ya lazima katika jaribio hili? Atakayeyajibu maswali hayo kwa grafu yake mwenyewe atakuwa amejua kitu cha kukihifadhi kwanza siku ya kuhama.