Kutoka Sakina hadi Imbaseni: Mwongozo wa Msafiri katika Nchi ya Mshairi Mama C

Charlotte Hill O'Neal, ambaye wengi humfahamu kwa jina la Mama C, ni mshairi, mchoraji na mwanamuziki aliyezaliwa Kansas City nchini Marekani mwaka 1951 na kuhamia Tanzania mwaka 1972, na makazi yake yako katika kijiji cha Imbaseni, kwenye miteremko ya chini ya Mlima Meru. Mwongozo huu umeandaliwa kwa msafiri anayefikia Sakina, upande wa kaskazini-magharibi wa jiji la Arusha kandokando ya barabara ya Namanga, na anayetaka kuuelewa ushairi huo katika ardhi ulikokulia. Siku moja hutosha kwa ziara ya Imbaseni, ila anayetaka kuongeza Hifadhi ya Taifa ya Arusha atenge siku mbili.

Mshairi na chimbuko lake

Mama C ni zao la utamaduni kinzani, yaani mkondo wa watu wanaokataa kwa makusudi siasa, mavazi, muziki na maadili ya tabaka linalotawala, na kujijengea namna yao wenyewe ya kuishi. Akiwa binti mdogo alijiunga na chama cha Black Panther, kilichoasisiwa Oakland, California, mwaka 1966 ili kuwalinda wakazi weusi dhidi ya ukatili wa polisi, na ambacho pia kiliwapa watoto kifungua kinywa cha bure kabla ya masomo. Tawi la Kansas City liliongozwa na Pete O'Neal, ambaye alikuja kuwa mume wake. Mwaka 1970, baada ya Pete kutiwa hatiani kwa kosa la kusafirisha bunduki kutoka jimbo moja hadi jingine, wawili hao waliondoka Marekani, wakaishi Algeria kwa muda, kisha wakaja Tanzania.

Hawakuja Tanzania kwa kubahatisha. Nchi iliyotangaza Azimio la Arusha mwaka 1967, na ambayo mwaka 1974 ilikuwa mwenyeji wa Kongamano la Sita la Umajumui wa Afrika jijini Dar es Salaam, iliwavutia Wamarekani weusi wengi waliotaka kuona siasa ya kujitegemea ikitendeka. Wengi wao walirudi kwao, lakini Mama C na mumewe walibaki, wakalima, wakafuga, wakajenga, na mwaka 1991 wakaanzisha Imbaseni kituo cha jamii kinachojulikana kwa kifupi kama UAACC, ambapo vijana wa vijiji vya jirani wamefundishwa Kiingereza, kompyuta, uchoraji na muziki bila malipo. Hapo ndipo uasi wa ujanani ulipogeuka kazi ya mikono, na mabadiliko hayo ndiyo kiini cha mashairi yake, yakiwemo yaliyomo katika kitabu chake *Warrior Woman of Peace*.

Ngano za kale katika ushairi wake

Msafiri ataelewa zaidi akijua mapema kwamba Mama C ni kuhani wa jadi ya Orisha, yaani imani ya Wayoruba wa Afrika Magharibi inayotambua nguvu za kiungu zinazosimamia mito, milima, radi, chuma na mambo mengine ya maumbile. Watumwa waliipeleka imani hiyo hadi Cuba na Brazil, na baadaye Wamarekani weusi wakaitafuta upya kama urithi walioporwa. Oshun, mojawapo ya nguvu hizo, ndiye mwenye mamlaka juu ya maji baridi ya mito.

Jambo hili lina uzito mkubwa Imbaseni, kwa kuwa maisha yote ya miteremko ya Meru yanategemea mito na mifereji ya kumwagilia migomba, kahawa na mboga. Mlima wenyewe, wenye urefu wa mita zipatazo 4,560, wasemaji wa Kimaa huuita Oldoinyo Orok, Mlima Mweusi. Mshairi aliyebeba ngano za Afrika Magharibi kutoka ng'ambo ya bahari alifika katika nchi ambayo tayari ilikuwa na heshima yake kwa mlima na maji, na ubora wa kazi yake unatokana na kuzikutanisha heshima hizo mbili bila kuifunika iliyo ya wenyeji.

Ala anayoipendelea inaonyesha hilo waziwazi. Nyatiti ni kinanda cha nyuzi nane cha Wajaluo, chenye bakuli lililowambwa ngozi, na kwa desturi hupigwa na mwanamume aliyeketi kwenye kigoda kifupi, akiwa amevaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ambayo huigonga kwenye mti wa ala ili kushika mapigo, huku njuga za mguuni zikiitikia. Mwanamke mwenye asili ya Marekani kukishika kinanda hicho na kutongoa mashairi juu yake ni ukinzani wa aina ya pekee, kwa sababu anaidumisha jadi ileile anayoivunjia mpaka.

Namna ya kufika

Kutoka Sakina, msafiri apande daladala zinazotoka Ngaramtoni kuelekea mjini, kisha mjini aulizie magari ya Usa River au Maji ya Chai yanayofuata barabara ya Moshi. Amwambie konda mapema kwamba anashuka Imbaseni, ili asipitilizwe, na kutoka barabara kuu amalizie kwa bodaboda au kwa miguu. Siku za Jumatano na Jumamosi ni siku za soko la Tengeru, lililo kwenye barabara hiyo, ambapo magari hujaa na msongamano huongezeka, hivyo asiyependa usumbufu achague siku nyingine, na anayependa kuona ndizi, parachichi na maharage ya Meru yakibadilishana mikono ashuke hapo kwa saa moja kabla ya kuendelea.

Kabla ya kuondoka mjini inafaa kupita Makumbusho ya Azimio la Arusha, yaliyo katika jengo la Kaloleni ambako Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Januari 1967, karibu na mnara wa Mwenge wa Uhuru. Picha na nyaraka za humo zinaeleza hali ya nchi iliyowapokea Mama C na mumewe, na asiyeipata picha hiyo ataona Imbaseni kama kituo cha misaada tu.

Mambo ya kutazama Imbaseni

Kuta za kituo ni maktaba ya wazi. Michoro ya rangi kali inawaonyesha viongozi wa harakati za watu weusi, na msafiri anashauriwa kuitazama taratibu, kwa sababu mchoro na shairi kwa Mama C ni kazi moja iliyofanywa kwa vifaa tofauti. Kijijini hapa ndipo pia alipoishi Geronimo ji Jaga, mpiganaji wa zamani wa Black Panther aliyefungwa miaka 27 Marekani kwa hukumu iliyokuja kubatilishwa, na hapo ndipo alipofariki Juni 2011. Ndani ya eneo la kituo kuna makao ya watoto, yaliyoanza mwaka 2008, na kwa hiyo mgeni anaingia nyumbani kwa watu.

Anayetaka kuona mandhari yenyewe kwa ukamilifu aendelee kupitia njia panda ya Usa River hadi lango la Ngurdoto la Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Kasoko ya Ngurdoto, yaani bonde la mviringo lililoachwa na volkano, hutazamwa kutoka ukingoni tu kwa kuwa wageni hawaruhusiwi kushuka, na mbele yake kuna maziwa ya Momela yenye heroe, na misitu yenye mbega weusi kwa weupe. Kutoka upande huo wa mashariki ndipo Meru inapoonekana ilivyobomoka, ikiwa na umbo la kwato ya farasi.

Adabu, majira na tahadhari

Ziara ipangwe kwa mawasiliano ya mapema na uongozi wa kituo, kwani Mama C amekuwa akisafiri mara kwa mara kwa maonyesho ya nje na si haki kumtarajia awepo kila siku. Mgeni awaamkie wazee kwa shikamoo, asipige picha za watoto bila ruhusa, na zawadi kama vitabu au rangi azikabidhi kwa uongozi badala ya kugawa mkononi. Sehemu kubwa ya mashairi ya Mama C imeandikwa kwa Kiingereza, hivyo msomaji wa Kiswahili atafaidika akibeba pia diwani ya *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, ambamo mwana huyo wa kisiwa cha Ukerewe alivunja sheria ya vina na mizani huku akichota picha zake kijijini.

Masika, kuanzia Machi hadi Mei, hufanya njia za vijijini kuwa tope, na Juni hadi Julai ni miezi ya baridi na mawingu yanayouficha mlima. Maji ya mito ya upande huu, hususan Maji ya Chai, yana madini mengi ya floraidi, ambayo kwa miaka mingi yameacha rangi ya kahawia kwenye meno ya wenyeji, kwa hiyo mgeni anywe maji ya chupa au yale anayohakikishiwa na wenyeji wake kuwa salama.

Mashairi ya Mama C yanaweza kusomwa popote, lakini hayaeleweki vema mpaka msomaji aone kile ambacho maneno yake yamesaidia kujenga. Msafiri aliyeko Sakina yuko mwendo wa asubuhi moja tu kutoka mahali hapo, na aende akiwa na muda wa kusikiliza.