Kiingereza cha Habari: Vidokezo 8 vya Kukishika Haraka

Unasomea uandishi wa habari? Umepewa dawati la uhusiano kwa umma? Au kikundi chenu kinafanya mambo makubwa mtaani na mnataka dunia ijue? Basi Kiingereza cha vyombo vya habari kinakuhusu, na wala hakihitaji umeze kamusi. Maneno yake hayana wingi wa kutisha, yanajirudia kila siku, na mengi unaweza kuyanasa ukiwa kwenye daladala. Twende kazi!

1. Soma magazeti ndugu

Mwananchi na The Citizen hutolewa na kampuni moja. HabariLeo na Daily News vilevile. Ukivuka mpaka kwenda Kenya, Taifa Leo na Daily Nation ni wa ukoo mmoja. Hapo ndipo penye mwalimu wa bei ya gazeti! Chagua habari moja kubwa ya siku, isome kwanza kwa Kiswahili, kisha isome kwa Kiingereza. Kisa umeshakijua, kwa hiyo akili inabaki na kazi moja tu: kuokota maneno. Usitafute sentensi zinazofanana, maana kila mwandishi husimulia kwa namna yake. Okota maneno matano, yaandike, funga gazeti. Kesho mengine matano.

2. Vichwa vya habari vina sarufi yao

Kiingereza cha darasani kikikwama kwenye kichwa cha habari, usijilaumu. Pale kuna kanuni tatu za pekee. Ukiona "Minister to open hospital", hiyo "to" inasema waziri atafungua. Ukiona "Three arrested in Tanga", neno "were" limeachwa ili kubana nafasi: watu watatu wamekamatwa, hawakumkamata mtu. Na "MPs back new law" imeandikwa kwa wakati uliopo ingawa wabunge waliunga mkono sheria hiyo jana. Shika hizo tatu tu, na nusu ya ukurasa wa mbele itafunguka.

3. Yajue maneno mafupi yenye meno

Nafasi ya kichwa cha habari ni finyu, hivyo wahariri hupenda maneno mafupi. "Probe" ni uchunguzi. "Bid" ni jaribio la kupata kitu. "Row" ni mzozo, na hapa hutamkwa "rau". "Axe" ni kufuta au kupunguza, iwe kazi, mradi au bajeti. "Slam" ni kushutumu vikali, "vow" ni kuapa, "quit" ni kujiuzulu, "hail" ni kusifia. Yaandike kwenye karatasi ndogo na uiweke ndani ya kava la simu. Tahadhari moja: haya ni maneno ya vichwa vya habari. Kwenye barua ya kumwomba bosi ruhusa, yaache yapumzike!

4. Kabla ya kutangaza, uliza: nani anatangaza nini?

Kiswahili chetu ni kikarimu, kitenzi kimoja kinafanya kazi za watu wanne. Redio inatangaza mechi: "broadcast". Tume inatangaza matokeo: "announce". Duka linatangaza bidhaa: "advertise". Serikali inatangaza hali ya hatari: "declare". Ukisema "advertise the election results", msikilizaji atadhani matokeo yanauzwa! Mwandishi naye ni hivyo hivyo: wa kitabu ni "author", wa gazeti ni "reporter", na aliyetumwa kuripoti kutoka mbali ni "correspondent". Ujanja ni kumtazama mtendaji na kazi yake kwanza, ndipo uchague neno.

5. Jifunze maneno kwa jozi

Neno la peke yake husahaulika upesi, lakini likiwa na mwenzake linakaa. Mkutano na waandishi wa habari, kwa Kiingereza, "you hold a press conference", si "make". Taarifa "you issue". Tukio "you cover". Habari ikichapishwa, gazeti "runs a story". Likiwa la kwanza kuifichua, "it breaks the story". Na ukiwahisha kazi kabla ya muda wa mwisho, "you meet the deadline". Halafu hili linawaponyoka wengi: "news" ina "s" mwishoni lakini ni umoja. Sema "the news is good", usiseme "the news are". Habari moja ni "a news story", kamwe si "a news".

6. Shika maneno yanayolinda watu

Hapa tusiende mbio, kwa sababu neno moja linaweza kumharibia mtu jina. "Suspect" ni mtuhumiwa. "Accused" ni mshtakiwa aliyefikishwa mahakamani. "Convicted" ni aliyekwisha kutiwa hatiani. Kumwita mtuhumiwa "thief" kabla ya hukumu ni kumwonea, na ni kukaribisha kesi. Ndiyo maana waandishi hutumia "alleged" na "allegedly", yaani inavyodaiwa.

Na wewe unayehojiwa, jilinde pia. "On the record" maana yake maneno yako yanaweza kuchapishwa pamoja na jina lako. "On background" kwa kawaida ni kwamba maelezo yatatumika ila jina halitajwi. "Off the record" ni mazungumzo yasiyo ya kuchapishwa. Siri ya mafanikio ni hii: kubalianeni kabla hujafungua mdomo, na kila upande useme unavyoelewa makubaliano hayo. Ukishamaliza kusimulia ndipo unasema "but that was off the record", umechelewa.

7. Andika taarifa yako ya kwanza leo

Taarifa kwa vyombo vya habari, "press release", ina mifupa isiyobadilika. Juu kabisa: "For immediate release" kama iko tayari kutumika, au "Embargoed until" na saa kama isitoke kabla ya muda fulani. Kisha kichwa, kisha aya ya kwanza inayojibu "who, what, when, where, why". Fuatisha nukuu ya kiongozi wenu, maliza na jina na simu ya mtu wa kuulizwa. Jaribu kuiandika aya hiyo ya kwanza kwa sentensi moja tu; ikikushinda, ujue bado hujaamua habari yenyewe ni ipi.

Kumbuka pia tofauti ya mifuko. "Publicity" ni kusikika kwa kuwa una habari yenye uzito. "Advertising" ni nafasi uliyoilipia, na ikiandikwa kwa sura ya makala huitwa "advertorial". Ukimwendea mhariri na tangazo la biashara, atakupeleka dawati la matangazo, na huko utakutana na bei!

8. Sikiliza taratibu, rudia kwa sauti

Mwaka 1959 Sauti ya Amerika ilianzisha matangazo ya Kiingereza chepesi, kwa msamiati wa maneno yapatayo 1,500 tu, yakisomwa taratibu. Siasa, sayansi, vita, michezo: vyote vikasimuliwa kwa maneno hayo. Umeona? Huhitaji maneno elfu hamsini! Chukua taarifa fupi ya habari, isikilize mara moja, kisha rudia sentensi moja moja nyuma ya msomaji, kwa sauti na kwa mwendo wake. Fanya hivyo jikoni au ukipiga pasi. Baada ya muda, "here are the headlines" itakutoka mdomoni kama mtu wa redio.

Usibebe vidokezo vyote nane kwa mkupuo. Chagua kimoja leo, kizoee, kisha ongeza kingine. Kazi nzuri unayoifanya inastahili kusikika mbali, na maneno ya kuifikisha huko sasa unayo. Haya, nunua gazeti, shika kalamu, anza na maneno matano!