Mtoto wa Jirani Kambini

Soma kwa ajili ya Somo la Juma Hili: Mwanzo 21:14–20, Danieli 1:8–16, Mathayo 7:12, Marko 10:13–16.

Fungu la Kukariri: Mathayo 7:12. Lisome katika Biblia yako na ulikariri pamoja na darasa lako.

Shule zinapofungwa mwezi Juni, baridi huwa imeshika Lushoto. Mtoto anayepanda kutoka Mombo, kilomita 33 hivi za kona na makorongo, huhitaji sweta kabla hajafika mjini. Likizo kama hii ndiyo nafasi ya kanisa kuandaa kambi za Wavumbuzi na Watafuta Njia. Na watoto wetu wanapofunga mizigo, watoto wa jirani huwa wanatazama. Kisha mmoja huuliza, “Na mimi naweza kuja?”

Katika milima ya Usambara, anayeuliza mara nyingi ni mtoto wa Kiislamu. Waislamu na Wakristo hapa huchota maji bombani pamoja na huzikana. Sisi Waadventista tulikuja katika nchi hii tukiwa wageni. Mwaka 1903 wamisionari wetu wa kwanza, Johannes Ehlers na A. C. Enns, walianza kazi Giti, katika milima jirani ya Upare. Kazi ile ilisimama kwa sababu wenyeji waliwapa mahali. Sasa ni zamu yetu kumpokea mgeni. Tutampokeaje?

Mungu Alimsikia Kijana

Soma Mwanzo 21:14–20. Mungu alimsikia Ishmaeli akiwa wapi?

Ishmaeli hakuwa tena katika hema la Ibrahimu. Alikuwa jangwani, chini ya kijiti, maji yamekwisha, na mama yake amekaa mbali asimwone akifa. Hapo hapo alipokuwa, Mungu aliisikia sauti yake na kumwonyesha Hajiri kisima. Basi mtoto wa jirani anapofika langoni mwa kambi, tusidhani kwamba ndiyo kwanza Mungu anamjua. Alimsikia zamani, nyumbani kwao. Kazi yetu ni kumwonyesha maji.

Upande wa Msimamizi

Soma Danieli 1:8–16. Msimamizi alifanya nini alipoombwa na Danieli?

Sura hii tumeizoea. Huwa tunajiona katika Danieli, kijana mwaminifu ugenini. Leo tuisome tukiwa upande wa msimamizi. Alikuwa na mamlaka juu ya vijana wa imani nyingine, mbali na wazazi wao. Angeweza kuwalazimisha. Badala yake alisikiliza, akawajaribu siku kumi, akawapa mboga. Kambini sisi ndio wenye sufuria, kengele na ratiba, na Danieli ni yule binti wa jirani mwenye mtandio.

Kwa chakula, kazi si ngumu. Sisi hatuli nguruwe wala hatunywi pombe, na Mwislamu vivyo hivyo. Lakini yeye huuliza pia nyama imechinjwa na nani. Maharage, kabichi, viazi na mayai huliondoa swali hilo mezani. Kama kuna nyama, mzazi aelezwe mapema. Binti asivuliwe mtandio ili avae skafu ya kambi. Anayetaka kuswali apewe maji ya kutawadha na mahali pa utulivu. Ijumaa mchana, anayetaka kwenda msikitini asindikizwe na mtu mzima. Jioni, jua likizama, ataona jinsi sisi tunavyoikaribisha Sabato.

Amana ya Mzazi

Soma Mathayo 7:12. Ungependa mtoto wako atendewe nini katika kambi ya watu wa imani nyingine?

Wengi wetu tunajua uchungu wa mtoto kupangiwa mtihani siku ya Sabato. Tumesimama mbele ya meza ya mkuu wa shule tukiomba mtoto asilazimishwe. Siku ile tulitamani mtu mmoja tu aielewe dhamiri yake. Mama Mwislamu anayemleta binti yake kambini anatamani hilo hilo.

Kwa hiyo tumweleze wazi, kabla ya siku ya safari: hapa tunaimba, tunasali, tunafundisha Biblia. Tumwonyeshe ratiba, mahali pa kulala wasichana, na mwalimu wa kike atakayekuwa nao. Apewe namba ya simu, naye atoe ruhusa kwa maandishi. Tukimwambia ni kambi ya michezo tu, kisha mtoto akarudi akisimulia ibada, tutakuwa tumevunja amri ya tisa tukidai kuhubiri Injili.

Je, Tunaificha Injili?

Ndugu mmoja atasema, “Mtoto amekuja mwenyewe. Tusipomwita mbele siku ya mwisho, tutaulizwa.” Hoja hii isidharauliwe, maana inatoka kwenye moyo wa kupenda roho za watu. Lakini soma Marko 10:13–16. Watoto waliletwa na watu wao. Yesu aliwakumbatia, akawawekea mikono, akawabariki. Hakuna tunaposoma kwamba aliwatenga na waliowaleta.

Hatumfichi Kristo. Mtoto atamsikia katika nyimbo zetu, na atamwona katika blanketi aliloazimwa usiku wa baridi. Akiuliza swali, ajibiwe kwa ukweli. Lakini uamuzi wa kubadili dini usiombwe kwa mtoto mwenye umri wa miaka kumi, mama yake akiwa hayupo. Mlango uliofunguliwa kwa uaminifu hubaki wazi mwaka ujao, kwake na kwa wadogo zake. Ukifunguliwa kwa hila, kijiji kizima kitaufunga.

Maswali ya Kujadili

1. Kanisa lenu likiandaa kambi, barua kwa mzazi wa imani nyingine iseme nini? Iandikeni pamoja darasani.

2. Mtoto Mwislamu anasema mbele ya wenzake kwamba anataka kubatizwa. Mwalimu amjibu nini, na mzazi aelezwe na nani?

3. Watoto wetu wakialikwa kwenye sherehe ya Idi kwa jirani, tunawaandaaje kuwa wageni wema?

4. Ni nani katika mtaa wako aliwahi kuilinda Sabato ya mtoto wako? Umemshukuruje?