Elimu kwa Umma: Kuomba Ufadhili wa Kwenda Kusoma Nyaraka Oxford

Barua, shajara, picha na magazeti mengi yaliyoandikwa Afrika Mashariki katika karne ya 19 na ya 20 yanatunzwa katika Maktaba ya Bodleian ya Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza. Maktaba hiyo ina ufadhili kwa watafiti wa nje, ili waende kukaa huko na kuyasoma. Haya ni majibu ya maswali ambayo walimu, wanafunzi wa uzamili na watafiti wa historia ya kwetu huuliza kabla ya kuomba.

Ufadhili wa ukaazi ni nini?
Ni posho anayopewa mtafiti ili aache shughuli zake kwa muda, aghalabu mwezi mmoja hadi mitatu, akasome nyaraka mahali zilipo. Hautoi shahada wala haukufanyi mwajiriwa wa chuo. Unatakiwa uwepo Oxford mwenyewe, lakini hilo halina maana kwamba chumba kimeandaliwa. Soma tangazo ujue kama malazi yamo au utayalipia kutoka kwenye posho, kwa kuwa kodi za nyumba katika mji ule ni kubwa.

Huko kuna nini kinachotuhusu?
Kuna mengi. Nyaraka za Afrika zilizokuwa zikitunzwa Rhodes House sasa zinasomwa katika Maktaba ya Weston, jengo la Bodleian lililofunguliwa kwa umma mwaka 2015. Humo mna kumbukumbu za UMCA, misheni ya Kianglikana iliyohamia Zanzibar mwaka 1864, ikafungua vituo Magila na Masasi, na ikawa na shule ya Kiungani ambako gazeti la *Msimulizi* lilianza kutolewa mwaka 1888. Mna pia karatasi za maafisa wa kikoloni, zilizoanza kukusanywa kwa mpango maalumu mwaka 1963, na zile za chama cha kupinga utumwa, Anti-Slavery Society. Majina yaliyo juu ya makasha mengi ni ya wamisionari na maafisa, ilhali ndani yake huenda mkawa na maneno ya walimu, mapadri na wanafunzi wa Kiafrika. Hayo ndiyo yanayomsubiri msomaji anayekijua Kiswahili.

Je, lazima niwe na shahada ya uzamivu?
Inategemea tangazo. Baadhi ya ufadhili huitaka, na mwingine hukubali uzoefu unaolingana nayo, kama vile vitabu, makala au miaka ya kazi ya makumbusho. Uraia wa Uingereza si sharti la kawaida.

Maombi yanahitaji nini hasa?
Wasifu wako, maelezo ya mradi, na barua za wadhamini, yaani watu wanaoifahamu kazi yako na walio tayari kuieleza kwa maandishi. Waombe wadhamini mapema, na uwape maelezo ya mradi ili barua yao isipingane na yako.

Uzito uko kwenye maelezo ya mradi. Wanaochagua wanataka kujua kwa nini swali lako haliwezi kujibiwa bila wewe kufika kwenye makasha yale. Kuandika kwamba unataka kuchunguza historia ya elimu Zanzibar hakutoshi. Ingia kwenye katalogi ya Bodleian, yaani orodha ya vilivyomo, ambayo husomwa bure kwenye intaneti. Taja mkusanyo, namba za makasha, miaka unayoilenga na unachotarajia kukipata humo. Jaribu pia tahajia za zamani za majina ya watu na miji, kwa sababu walioandika orodha waliyanakili jinsi walivyoyakuta.

Eleza vilevile ulichokwisha kusoma nyumbani. Nyaraka za Taifa Zanzibar ziko Kilimani, na maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina miswada ya Kiswahili na Kiarabu ambayo J. W. T. Allen aliitolea orodha mwaka 1970. Mwombaji aliyeanzia huko hutambulika upesi. Na kama unasoma Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kiarabu, liseme hilo katika aya ya kwanza. Ni ujuzi adimu.

Nimeambiwa nilipe ili jina langu lipite. Ni kweli?
Usilipe. Nafasi ya ufadhili hainunuliwi, na anayeomba pesa kwa simu ili akusaidie kuteuliwa hana mamlaka hayo. Tangazo halisi liko kwenye tovuti ya maktaba yenyewe. Ukiwa na shaka, waandikie kwa anwani iliyo kwenye tovuti hiyo, si iliyo kwenye ujumbe uliotumiwa.

Viza na matibabu je?
Usikate tiketi kabla ya kuuliza chuo ni aina gani ya viza inayoendana na posho yao, kwa sababu masharti ya mgeni anayelipwa hutofautiana na ya mgeni asiyelipwa. Maombi ya viza hufanywa kupitia tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk. Nunua bima ya afya ya safari: mgeni wa muda mfupi anayelazwa hospitalini kwa kawaida hutozwa gharama.

Ni kweli lazima nivae glavu nyeupe?
Dhana hii imeenezwa na filamu, na ni rahisi kuiamini. Kwa karatasi nyingi, mikono safi na mikavu ni salama zaidi, kwani glavu hupunguza hisia za vidole na ukurasa unaweza kuchanika. Glavu hutumika zaidi kwa picha. Utaandika kwa penseli, utaacha mkoba nje, na utasoma kiapo cha zamani cha maktaba, kinachokataza hata kuwasha moto ndani.

Naweza kupiga picha na kuzichapisha?
Kupiga kwa ajili ya kusoma mara nyingi huruhusiwa, bila mwanga wa kamera na kwa idhini. Kuchapisha ni jambo jingine. Kwa sheria ya Uingereza, barua nyingi ambazo hazijawahi kuchapishwa zina hakimiliki hadi mwisho wa mwaka 2039, hata kama mwandishi alifariki katika karne ya 19. Omba ruhusa kabla ya kuchapisha.

Nikikuta jina la babu yangu?
Una haki ya kuomba nakala sawa na msomaji mwingine yeyote, ingawa majalada yanayogusa watu walio hai yanaweza kuwa yamefungwa. Jina likiwa limeandikwa vibaya, au mtu ameelezwa kwa namna isiyo sahihi, mwandikie mtunza nyaraka ukimpa ushahidi. Wanafunzi wengi wa mwanzo wa Kiungani walikuwa watoto waliookolewa kutoka utumwani, na kuwaandika ipasavyo ni deni tunalodaiwa sote.

Nikikataliwa?
Omba tena mwaka unaofuata, na uulize kama wanatoa maoni kuhusu maombi yaliyokosa. Kumbuka pia kwamba kusoma nyaraka hakutegemei ufadhili: mtafiti yeyote anaweza kuomba kadi ya msomaji, na asiyeweza kusafiri anaweza kuagiza nakala za kurasa anazozihitaji kwa malipo.