Mistari Sambamba na Mizani ya Mchimbaji

Katika miamba ya Geita, na ya Kahama mkoani Shinyanga, dhahabu huweza kupatikana ndani ya mishipa ya kwazi. Mchimbaji mdogo apatapo jiwe la namna hiyo, swali lake ni moja: ndani mna dhahabu kiasi gani? Aljebra ya sekondari yaweza kulijibu bila jiwe kuvunjwa.

Chukulia kuwa jiwe lina dhahabu na kwazi tu. Likitumbukizwa katika silinda ya kupimia, maji hupanda kwa sentimita za ujazo 10. Likiwekwa mizanini, huonyesha gramu 43.15. Sentimita moja ya ujazo ya dhahabu ina gramu 19.3, na ya kwazi gramu 2.65. Ujazo wa dhahabu ukiwa x, na wa kwazi y, basi:

x + y = 10 ……… (1)
19.3x + 2.65y = 43.15 ……… (2)

Katika grafu, mteremko wa mstari wa kwanza ni −1, na wa pili ni karibu −7.3. Kwa kuwa miteremko inatofautiana, mistari hukatana mahali pamoja tu: x = 1, y = 9. Jiwe lina gramu 19.3 za dhahabu.

Sasa chukulia kuwa silinda haipo, na jiwe limepimwa tena kwa mizani ya mnunuzi, ikaonyesha gramu 42:

19.3x + 2.65y = 42 ……… (3)

Mistari ya (2) na (3) ina mteremko mmoja, lakini haipiti mahali pamoja. Ni mistari sambamba. Haikutani kamwe, na jawabu halipo. Hii si kusema kwamba jiwe halina dhahabu. Maana yake ni kwamba vipimo vinapingana: walau mizani moja ina kasoro, ingawa aljebra haisemi ni ipi.

Kama mizani ya pili nayo ingeonyesha gramu 43.15, mistari miwili ingelaliana ikawa mmoja, na majawabu yangekuwa hayana idadi. Hivyo, kupima uzito hata mara mia hakuchukui nafasi ya maji. Milinganyo miwili hutoa jawabu moja pale tu kila mmoja unapoleta habari mpya.

Zoezi
1. Jiwe jingine la dhahabu na kwazi lina ujazo wa sentimita 20 na gramu 86.3. Tafuta x na y.
2. Kama dhahabu na kwazi zingekuwa na densiti moja, mistari ya (1) na (2) ingekuwaje? Eleza kwa nini maji yasingemsaidia mchimbaji.