Lori Hupimwa, Dereva Hapimwi: Somo kuhusu Mazoea Yanayotuongezea Uzito



Kila lori la mizigo linalosafiri kutoka Mombasa kuelekea Malaba, Kampala na kwingineko hupandishwa kwenye mizani njiani. Kikomo kilichowekwa na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni tani 56 kwa malori makubwa kabisa, na kila ekseli ina kiwango chake. Sababu inajulikana: mzigo uliozidi huharibu barabara, hushinda breki na hugharimu maisha. Lakini dereva aliyeketi nyuma ya usukani hapimwi. Wala hapimwi mwendesha boda boda, mbadilisha fedha, mama lishe, wakala wa forodha, au askari polisi anayelinda kizuizi.

Somo la toleo hili linahusu mzigo huo usiopimwa, yaani uzito wa miili yetu. Hoja yake ni moja: uzito uliozidi hauingii mwilini kwa lango kubwa, bali hupita kidogo kidogo kwenye njia za panya, kupitia mazoea ya kila siku ambayo hatuyatilii shaka. Anayetaka kuudhibiti hana budi kuzijua njia hizo.

Kwa nini polisi wazungumzie uzito?

Huenda msomaji akauliza: je, hili si jambo la waganga na wauguzi? Ni lao, lakini linatuhusu nasi. Mtu mwenye mafuta mengi shingoni na tumboni yumo katika hatari ya kukatikiwa na pumzi usingizini. Njia ya hewa kooni hubana anapolala, pumzi hukoma kwa sekunde kadhaa, kisha ubongo humshtua naye huvuta hewa kwa kishindo. Hali hiyo inaweza kujirudia mara nyingi katika usiku mmoja bila mwenyewe kukumbuka lolote asubuhi. Huamka amechoka kana kwamba hakulala, na mchana usingizi humvamia akiwa kazini.

Mtu wa namna hiyo akiwa dereva wa lori, usingizi wake si siri yake peke yake. Hatari ya ajali kwa madereva wenye maradhi hayo ambao hawajatibiwa ni kubwa kuliko kwa wenzao. Utingo anayelala naye katika chumba kimoja ndiye shahidi wa kwanza: akisikia mkoromo mkubwa unaokatika ghafla na kurudi kwa kishindo, amshauri bosi wake aende kituo cha afya. Kufanya hivyo si utovu wa adabu. Ni kuokoa maisha.

Zaidi ya hayo, uzito uliozidi huongeza uwezekano wa kupata kisukari, shinikizo la damu, kiharusi na maradhi ya moyo. Familia inayompoteza mlezi kwa kiharusi akiwa na umri wa miaka 45 haina tofauti kubwa na ile iliyompoteza barabarani.

Hesabu ya mwili

Mwili hupokea nguvu kutoka kwenye chakula na kinywaji, na huzitumia katika kupumua, kutunza joto, kufanya kazi na kutembea. Nguvu hizo hupimwa kwa kalori. Gramu moja ya wanga, sukari au protini hutoa takriban kalori 4. Gramu moja ya mafuta hutoa 9. Na gramu moja ya kileo hutoa 7. Kinachozidi matumizi huwekwa akiba, na akiba ya mwili ni mafuta.

Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori zipatazo 7,700. Hakuna anayekula ziada hiyo katika mlo mmoja. Lakini ziada ya kalori 100 kwa siku, ambayo ni kama chapati nusu, hujumlika kuwa 36,500 kwa mwaka. Ni kweli kwamba mwili unaoongezeka nao hutumia nguvu zaidi, kwa hiyo uzito hauendelei kupanda kwa kasi ile ile daima. Hata hivyo, ndivyo mtu anavyojikuta, baada ya miaka michache kazini, sare yake haifungi, naye akaapa kwa dhati kwamba chakula chake hakijabadilika.

Njia ya kwanza: kikombe na chupa

Anayeishi mpakani anafahamu kusubiri. Hungoja hati, hungoja ukaguzi, hungoja wateja, hungoja foleni isogee. Na anayengoja hunywa. Chai tunayoisema hapa ni ile ya kikombe, si ile nyingine ambayo sheria inaikataza. Lakini hata hii ya halali ina gharama yake.

Kijiko kimoja cha chai hubeba takriban gramu 4 za sukari. Anayetia vijiko vinne katika kikombe, akanywa vikombe vitatu kwa siku, amekula vijiko 12. Chupa ndogo ya soda ya mililita 300 mara nyingi huwa na gramu zipatazo 32 za sukari, sawa na vijiko 8; ya nusu lita hukaribia vijiko 13. Shirika la Afya Duniani linapendekeza sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu zote tunazopata kwa siku, na kwamba ni bora zaidi ishuke chini ya asilimia 5, yaani takriban vijiko 6 kwa mtu mzima. Soda moja ndogo imekwisha kuvuka mpaka huo.

Udanganyifu wa kinywaji ni kwamba hakishibishi. Aliyekunywa soda hapunguzi ugali wake wa mchana. Vivyo hivyo vinywaji vya kuongeza nguvu ambavyo madereva hunywa usiku ili wasisinzie, pamoja na juisi za paketi, aghalabu vina sukari nyingi. Bia ya nusu lita ina kalori zipatazo 200, na mara nyingi huja na nyama choma au chipsi usiku wa manane. Zaidi ya uzito, tunarudia lile tunalolisema daima: aliyekunywa asishike usukani.

Njia ya pili: chakula cha kungojea

Chakula cha barabarani kimejengwa kwa haraka na kwa mafuta. Upande wa Uganda kuna rolex, yaani chapati iliyoviringishwa pamoja na mayai ya kukaanga. Pande zote mbili kuna mandazi, sambusa na chipsi. Hakuna hata kimoja kati ya vyakula hivi kilicho haramu, wala hatukusudii kumnyima mama lishe riziki yake. Shida ni mazoea: kukila kwa sababu kipo, si kwa sababu tuna njaa. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori zipatazo 120, na mkono unaomimina kutoka kwenye dumu hauhesabu vijiko.

Usingizi nao umo humu. Mtu asiyelala vya kutosha husikia njaa zaidi, na hutamani vitamu na vya mafuta. Askari wa zamu ya usiku na dereva wa masafa marefu wanajua jambo hili hata bila kuambiwa.

Njia ya tatu: kuketi

Jina boda boda lilizaliwa huku mpakani. Waendesha baiskeli wa Busia waliwavusha abiria na mizigo katika eneo lililopo kati ya vituo vya nchi hizi mbili, wakiwaita wateja kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Kijana wa wakati ule alikanyaga pedali kutwa nzima. Hata akila sahani mbili za ugali, kazi ilizimaliza. Leo mjukuu wake anakaa juu ya pikipiki kutwa nzima na kukunja mkono wa kulia tu. Sahani zimebaki mbili.

Abiria naye amebadilika. Safari ya sokoni iliyokuwa ya miguu sasa ni ya pikipiki. Kwa mtu wa kilo 70, mwendo wa kawaida wa nusu saa hutumia takriban kalori 120, karibu sawa na zile za soda moja ndogo. Kwa hiyo anayepanda boda boda kwa safari fupi na kununua soda afikapo amepoteza mara mbili: hakutumia nguvu, na ameongeza nyingine.

Kitambi na heshima

Tusizungumze juu ya uzito kana kwamba jamii haina kumbukumbu. Katika wilaya ya Rakai, jirani na mpaka wa Uganda na Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu walianza kufa kwa maradhi yaliyowakondesha hadi mifupa, wakayaita slim, yaani wembamba. Baadaye ulimwengu uliyajua kwa jina la UKIMWI. Waliozika jamaa zao wakati ule walijifunza kuogopa wembamba, na mwili mnene ukawa ushahidi wa afya na wa neema nyumbani. Hata leo mtu akipungua, majirani hunong'ona.

Hofu hiyo ilikuwa na sababu, na haifai kudhihakiwa. Lakini kisukari na shinikizo la damu huweza kukaa ndani ya mwili unaoonekana wa neema, bila maumivu, kwa miaka mingi. Vilevile tusimcheke mtu mnene. Wapo wanaoongezeka uzito kwa sababu ya maradhi, dawa wanazotumia, ujauzito au maumbile waliyorithi. Kejeli haijawahi kumpunguzia mtu hata kilo moja. Humfanya ajifiche tu asiende kupimwa.

Tahadhari: vidonge vya kukondesha

Penye haja hapakosi mlaghai. Sokoni huuzwa vidonge, majani na chai za kupunguza mwili zisizo na kibali. Katika nchi mbalimbali, baadhi ya bidhaa za namna hii zimekutwa na sibutramine bila kutajwa kwenye lebo. Dawa hiyo iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa iliongeza hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Usinunue dawa mkononi mwa mchuuzi, wala usikubali kuvusha furushi la dawa za mtu usiyemjua. Ukiona zikiuzwa, toa taarifa polisi au kwa mamlaka ya dawa ya nchi yako.

Tuanzie wapi?

Kwanza, jipime. Chukua kamba yenye urefu sawa na kimo chako, ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni usawa wa kitovu bila kubana tumbo. Isipofika, kiuno chako kimezidi nusu ya kimo chako, nayo ni dalili ya kwenda kupimwa shinikizo la damu na sukari.

Pili, funga njia moja ya panya kwanza. Punguza kijiko kimoja cha sukari kila juma hadi kibaki kimoja au kisibaki. Kunywa maji safi mahali pa soda. Ugali, matoke au viazi vichukue robo ya sahani. Maharagwe, samaki au nyama robo nyingine. Na mboga, kama sukuma wiki, dodo au nakati, nusu iliyobaki. Tunda na liwe embe au papai lenyewe, si juisi yake.

Tatu, tembea. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani nusu saa kwa siku tano. Dereva anaweza kuzunguka foleni ya malori mchana, mahali palipo salama. Mama wa sokoni anaweza kushuka kwenye pikipiki kabla ya kufika. Askari anayetaka raia wamsikilize katika jambo hili na aanze yeye mwenyewe.

Nne, usitarajie miujiza. Mwenye kilo 100 akipunguza 5 hadi 10 tu na kudumu hapo, shinikizo la damu na sukari yake huweza kuwa na nafuu ya dhahiri. Lakini ukiona unakonda bila kukusudia, unasikia kiu isiyoisha na kukojoa mara kwa mara, au unapata maumivu ya kifua na kukosa pumzi, usingoje: nenda hospitali.

Mlinzi wa mpaka hawezi kufunga njia zote za panya kwa siku moja. Huanza na ile inayopitisha mengi zaidi, akaisimamia hadi ifungwe, ndipo akaendea nyingine. Mwili nao hulindwa vivyo hivyo.

Maswali ya kujadili katika vikao vya nyumba kumi

1. Taja vinywaji vyote ulivyokunywa jana. Je, vilikuwa na vijiko vingapi vya sukari kwa jumla?
2. Ni safari gani fupi unayoipanda pikipiki, ambayo mzazi wako aliitembea kwa miguu?
3. Katika jamii yetu, mtu akipungua uzito husemwaje? Tunawezaje kumtia moyo badala ya kumshuku?
4. Mama lishe na wateja wake wanaweza kukubaliana nini ili chakula kipungue mafuta bila biashara kuharibika?
5. Ni nani katika familia yako anayekoroma na kusinzia mchana, naye huendesha chombo cha moto? Umeshamwambia?