Anwani Tatu, Dirisha Moja: Namna ya Kusimamia Barua Pepe kwa Programu ya Thunderbird

Katibu wa kikundi cha ufugaji kuku aghalabu huwa na anwani zaidi ya moja ya barua pepe: yake binafsi, ya duka lake, na ya kikundi, iliyotumika kukisajili katika Mfumo wa NeST wa ununuzi wa umma. Anapofungua moja, nyingine mbili hulala. Barua ya kutaka nyaraka zirekebishwe hufika Jumatatu, naye huiona majuma mawili baadaye, muda ukiwa umekwisha. Hasara hiyo si yake peke yake. Ni ya wanakikundi wote.

Dawa yake ni programu ya kompyuta inayozikusanya anwani zote mahali pamoja. Mojawapo ni Thunderbird, ambayo hutolewa bure na hufanya kazi katika kompyuta za Windows, macOS na Linux.

Hatua za kufuata

1. Programu ipakuliwe katika tovuti ya watengenezaji wake, thunderbird.net, kisha isakinishwe. Nakala za kupewa mkononi huweza kubeba virusi.

2. Programu ikifunguliwa, mtumiaji huandika jina, anwani na nywila ya akaunti ya kwanza. Kwa huduma zinazofahamika, programu hutafuta yenyewe mipangilio ya seva. Kwa Gmail, hufungua ukurasa wa Google ili mtumiaji aingie na kutoa idhini.

3. Hapa ndipo penye uamuzi mkubwa: IMAP au POP3. IMAP huziacha barua kwenye seva, hivyo zinazosomwa kwenye kompyuta huonekana pia kwenye simu. POP3 huzishusha kwenye kompyuta, na isipopangwa vema huzifuta kwenye seva. Kompyuta ikiibwa au ikiharibika, barua hupotea nayo. Kwa kikundi, IMAP ndiyo chaguo salama.

4. Hatua hizo hurudiwa kwa kila akaunti, kupitia mipangilio ya akaunti.

5. Katika menyu ya mwonekano, mtumiaji huchagua folda zilizounganishwa. Barua mpya za akaunti zote huonekana katika kikasha kimoja, ingawa kila moja hubaki katika akaunti yake.

6. Mwisho, barua ya majaribio itumwe kutoka kila anwani, na ijibiwe, ili kuhakikisha kuwa njia zote mbili ziko wazi.

Mambo ya kuangalia

Kabla ya kutuma, mstari wa mtumaji usomwe. Barua mpya huweza kutoka kwa anwani binafsi wakati ilikusudiwa kutoka kwa kikundi. Mpokeaji asipoitambua, huenda asiishughulikie. Folda ya barua taka nayo ikaguliwe, kwa kuwa barua halali huangukia humo mara nyingine.

Mwenye bando dogo anaweza kupanga kompyuta ihifadhi barua za siku 30 za karibuni tu, badala ya kushusha za miaka yote.

Programu hii isiwekewe akaunti katika kompyuta ya kukodi, kwa kuwa hukumbuka nywila, na atakayeketi baada ya mtumiaji atazikuta barua wazi. Hata nyumbani, ni vyema kuweka nywila kuu inayozilinda nyingine zote.

Anwani ya kikundi ni mali ya kikundi

Programu nzuri haitasaidia iwapo anwani ya kikundi imefungwa kwa mtu mmoja. Katibu akihama au akifariki, kikundi hubaki nje ya mlango wake chenyewe, maana hata kiungo cha kubadili nywila ya mifumo mingine hutumwa kwenye anwani hiyo hiyo. Yafaa viongozi wawili waijue nywila, na namba ya simu ya kurejesha akaunti ijulikane ni ya nani. Uongozi unapobadilika, vyote viwili vibadilishwe siku ile ile ya makabidhiano, pamoja na daftari na mhuri.